Meza ya Watu Kumi

Bonde la Caney, Kentucky
12 Januari 2015

Kwako Oleta, mdogo wangu,

Hakuna mtu katika bonde hili lote anayeijua ile bustani ya michezo ya Florida kama ninavyoijua mimi. Nimeingia mara tatu, nimekula katika kila mkahawa wake, na wapishi wakiniona kwa mbali wananiita kwa jina.

Haya, usianze kuguna. Nilifika mara moja tu, mke wangu Geneva akiwa hai, na hata lango sikuvuka. Rejeta ya pikapu ilipasuka kwenye maegesho. Nikabaki naibembeleza kwa maji ya barafu huku yeye na watoto wakipiga mayowe kwenye yale magari ya reli yanayopinduka kichwa chini. Nilichokula ni soseji moja ya mwenye kigari, nayo ilikuwa imepoa. Lakini niliila ndani ya mipaka ya bustani, kwa hiyo nahesabiwa.

Huku hatujambo. Theluji imelala kwenye paa la ghala, na ghala linasogea kidogo kidogo kumfuata jirani. Kuku wamegoma kutaga. Vifaa vya masikio nilivyopewa vinapiga miluzi kila nikishika simu, mbwa anadhani namwita, kwa hiyo nivumilie kwa karatasi kama kawaida.

Sasa jambo lenyewe. Mjukuu wangu Brandalyn ndiye jemadari wa safari ya Juni. Kwa kuwa vijana wanasema mlima wa makaburi umewashinda magoti (magoti yao, si yangu), mwaka huu ule mlo wetu wa ukoo wa siku ya kupamba makaburi hautakuwa juu kule makaburini, utakuwa Florida, Jumamosi usiku, sote kwenye meza moja. Anasema huko meza haipatikani kwa kufika na njaa yako. Inashikwa kwa simu miezi miwili kabla, saa kumi na mbili alfajiri, na ukichelewa kwa kupiga chafya, familia ya Texas imeshaikalia. Anataka idadi ya watu na anataka mahali.

Amenipa pa kuchagua. Kuna Ngome ya Malkia, ambako wanaleta supu kwenye mabakuli ya fedha. Kuna Waitaliano na tambi zao. Kuna nyumba ya nyama choma, kipande kikubwa kama tandiko la farasi. Nimekuachia wewe uchague, maana watoto wa Mama tulikuwa watano na sasa tumebaki mimi na wewe. Na mwaka jana kule makaburini ulisimama kando ya gari saa zote na hukutia kitu mdomoni. Sikupenda. Tuambie utakula wapi, nasi tutakula hapo.

Kaka yako,
Verlin


Hamilton, Ohio
29 Januari 2015

Kaka Verlin,

Barua yako imefika ikiwa na doa la mafuta ya nguruwe, nikajua huna shida ya chakula. Sisi huku ni wazima. Rejina mwanangu goti linamsumbua akishuka ngazi, ila bado anaenda kazini. Kanisani wamebadilisha mpiga kinanda, na huyu mpya ana haraka kama anayeacha jiko linawaka.

Safari nitakuja. Nataka kuwaona watoto. Lakini habari ya meza msinitafutie shida. Ngome ya Malkia ni ya watu wanaopenda kutazamwa wakinywa supu. Tambi hazikai vizuri tumboni mwangu. Nyama choma, meno yangu si ya zamani. Nyinyi nendeni mle, mimi nitabaki chumbani na sandwichi yangu na televisheni. Nitakuwa na raha zangu. Usiligeuze hili kuwa kesi.

Ulaze ghala hilo kabla halijakulaza wewe.

Dada yako,
Oleta


Bonde la Caney
9 Februari 2015

Oleta wewe,

Ghala limesimama. Kuku mmoja ametaga, yai dogo kama la njiwa, nikalila kwa heshima zote.

Hiyo habari ya meno umwambie mtu asiyekujua. Krismasi ile ya mwisho ya ndugu yetu Delmer ulipasua kokwa ngumu za jozi kwa magego mbele yangu, na mimi mwenye meno ya kununua nikabaki natazama kama mbwa nje ya bucha. Na tambi! Mwanamke aliyelelewa kwa viazi, vitunguu pori na maharage yaliyochacha, leo tumbo lake linaogopa tambi?

Sawa. Nimemrudisha Brandalyn kazini. Kuna mkahawa kando ya ziwa lao la kuchimba, wanatoa supu ya samaki na njegere. Kuna mahali pa chai ya vikombe vidogo na keki, akina mama wa umri wako wanapapenda. Kuna pengine mnakula chapati za asubuhi na asali, anakuja mtu ndani ya ngozi ya dubu kukukumbatia. Huyo dubu mimi ningemlipa akae mbali, lakini kwa ajili yako nitakumbatiwa.

Chagua kimoja. Na kama si chakula unachokikataa ila mimi, kwamba hutaki kuketi ukinitazama natafuna, niandikie hivyo hivyo, kavu. Mimi si mtoto. Lakini usinizungushe na habari za meno.

Brandalyn anauliza kila Jumapili: "Babu, kumi au tisa?" Namwambia kumi. Ananitazama kama ninavyomtazama fundi wa magari.

Verlin


Hamilton
8 Machi 2015

Kaka Verlin,

Naomba radhi kwa kuchelewa, na kwa kukuletea barua ya kompyuta. Rejina ndiye anayepiga chapa, mimi nasema. Miwani yangu iko kwa fundi. Ukinidai barua ya mkono, nitakulipa miwani ikirudi.

Hali ni nzuri. Theluji imeyeyuka, chumba cha chini ya nyumba kilijaa maji, tumekikausha.

Sasa nakujibu, kisha usiniulize tena. Supu ya samaki hapana. Vikombe vidogo hapana. Dubu hapana.

Unasema nikuandikie kavu. Haya. Unakumbuka Jumapili ile ya kupamba makaburi, miaka miwili iliyopita, Delmer akiwa bado nasi? Maharage yalinimwagikia kifuani, kwenye blauzi ya samawati. Ukasimama, ukagonga glasi, ukasema, "Jamani, mleteeni Oleta beseni la ndama, bakuli limemshinda!" Watu wakacheka mpaka mchungaji akashika mbavu. Na mimi nilicheka. Kisha nikaenda garini kuchukua sweta, nikakaa humo.

Wewe sahani ya mtu kwako ni sarakasi. Ndivyo ulivyo na sijakwambia ubadilike. Ila mwambie Brandalyn aandike tisa.

Oleta


Bonde la Caney
20 Machi 2015

Oleta,

Barua nimeipata. Nimeisoma kibarazani, kisha jikoni, kisha kibarazani tena.

Kuhusu maharage sisemi kitu.

Mbwa mzima. Ghala limelala Jumanne, taratibu, bila kuumiza mtu.

Tangu Jumapili nimekaa na barua zako zote, nikipitia menyu yako ya mambo unayoyakataa. Supu umekataa, ya fedha na ya samaki. Tambi umekataa. Njegere, vikombe vidogo, nyama ya kukatwa kwa kisu, chapati za kumwagia asali, vyote umekataa. Sandwichi hujaikataa. Tena uliitaja wewe mwenyewe, ukaitaja kwa mapenzi.

Halafu nikakumbuka mazishi ya Delmer. Kahawa ililetwa, wewe ukasema umeshakunywa. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni, na ndani ya kanisa lile tulikuwa tunatoka jasho.

Sikuulizi kitu. Umesema nisiulize, nami nimenyamaza, na unajua kunyamaza kunavyoniuma mimi. Nimemwambia tu Brandalyn asiandike tisa bado.

Verlin


Bonde la Caney
14 Aprili 2015

Mdogo wangu,

Hujajibu. Nimetembea mpaka sanduku la posta kila siku, yule mama wa posta sasa anadhani namtaka. Basi nakuandikia bila kujibiwa, maana leo ndiyo ilikuwa alfajiri ya meza.

Brandalyn alikuja kabla jua halijatoka, kwa kuwa huku kwangu simu inashika mahali pamoja tu, juu ya friji. Tukasimama wawili mbele ya friji kama watu wanaosali. Nilikuwa nimechemsha kahawa, haikunywewa.

"Babu, bado dakika tatu. Kumi au tisa?"

"Kumi."

"Bibi Oleta kasema haji mezani. Kanipigia mwenyewe."

"Bibi Oleta amesema mengi maishani. Aliwahi kusema haolewi na Mkatoliki."

"Babu, usinifanyie hivi. Akikosekana mtu mmoja, wale wa mkahawa wana maneno. Hawakupi meza mpaka watu wote mlioandikisha muwe mmesimama mlangoni. Wote. Nimesoma."

"Vizuri sana."

"Vizuri vipi?"

"Endelea. Dakika ngapi?"

"Mbili. Nabonyeza Ngome ya Malkia, mama keshanunua gauni jeupe."

"Siyo Ngome. Bonyeza Shimo la Maharamia."

Oleta, ungemwona. Alinigeukia kama nimetukana msalabani.

"Babu! Pale ni pa watoto! Unafungwa kitambaa shingoni kama mtoto mchanga! Hawatoi uma! Hawatoi kijiko! Supu inakuja kwenye magudulia yenye masikio mawili, kuku mzima unamrarua kwa vidole, na ukiomba uma anakuja jitu lenye jicho moja linakupigia kelele ukumbi mzima ukusikie!"

"Watu wote wanafungwa kitambaa?"

"Wote!"

"Hata mchungaji angefungwa?"

"Hata gavana! Babu, unataka kumpeleka mama na gauni jeupe mahali ambapo watu wanakula kama... kama..."

"Kama ndama," nikasema.

Mtoto yule si mjinga. Siku ile ya maharage alikuwepo, na alicheka pamoja na wote, alikuwa ameketi mkono wako wa kushoto. Nilimwona akiangalia vidole vyake juu ya simu. Hakuuliza, nami sikueleza. Saa ikagonga. Akabonyeza, akabonyeza tena, akashusha pumzi.

"Kumi," akasema. "Saa moja usiku. Gauni atajua mwenyewe."

Kwa hiyo hivyo ndivyo ilivyo. Meza ni ya watu kumi, na haitolewi kwa watu tisa. Ukibaki chumbani na sandwichi yako ujue kwamba kwenye mlango wa Shimo la Maharamia kuna kikongwe wa miaka sabini na tisa, na mkwe wake wa gauni jeupe, na watoto wenye njaa wanaolia, na hakuna anayepita. Nitasimama. Unanijua kwa kusimama. Nilisimama badala ya Mama nje ya mgodi siku mbili, wakati wanawatoa watu waliofukiwa.

Sikuulizi kitu.

Verlin


Hamilton
11 Mei 2015

Kaka Verlin,

Nilipopata barua yako nilikasirika nikaitupa kwenye ndoo ya maganda ya viazi. Rejina akaitoa, akaipangusa. Nikamuuliza kama ndiye aliyekwambia. Ameapa kwa roho ya baba yake kwamba hakusema, na huyu mtoto haapi ovyo. Mpaka sasa ninavyosema na yeye anapiga chapa, analia, na nimemwambia akilia juu ya kompyuta itaharibika.

Basi ngoja niseme mara moja.

Mkono wa kulia ulianza kucheza mwaka ule kabla hatujamzika Delmer. Kwanza kidole, kisha kiganja. Daktari ameupa ugonjwa huo jina refu, na sitaliandika, likikaa kwenye karatasi litazoea. Dawa zinasaidia asubuhi. Jioni hazisaidii. Kalamu inanishinda. Hakuna miwani kwa fundi.

Siku ile ya maharage sikuwa mzembe, Verlin. Nilikuwa nimekiangalia kijiko kile kwa muda mrefu kabla sijakiinua, kama mtu anayeangalia maji baridi. Nikasema hawataona. Wewe ndiye uliyeona, kwa sababu wewe huoni kitu ila cha kuchekesha.

Tangu hapo sijala mbele ya mtu zaidi ya Rejina. Kanisani nasema nafunga. Wananiona mtakatifu.

Sasa wewe umeniwekea ukumbi mzima wa watu wasio na vijiko. Nimemuuliza Rejina kama mahali hapo papo kweli, akanionyesha picha kwenye simu. Kuna mwanamume mmoja pale, mtu mzima, ana mchuzi mpaka kwenye nyusi. Anacheka. Nimeiangalia picha hiyo zaidi ya inavyostahili.

Sijasema nakuja. Nasema hivi: nikija, usinihurumie. Ukinikatia kipande hata kimoja, nikaona unanitazama mkono kwa macho ya msibani, nitainuka niondoke, na maharamia wako wabaki na meza yao. Nikimwaga, cheka. Lakini ucheke na wengine wote wakimwaga, wewe mwenyewe ukiwa wa kwanza. Hilo unaliweza?

Na pole kwa ghala.

Oleta


Bonde la Caney
19 Mei 2015

Oleta, mdogo wangu,

Kuku wote sasa wanataga, sijui nani amewatisha. Mbao za ghala nimempa jirani, kwa kuwa ghala lenyewe lilikuwa limeshaamua kwenda kwake.

Kuhusu maharage bado sisemi kitu. Wewe unajua mimi nasema juu ya kila jambo chini ya jua, pamoja na yasiyonihusu. Basi palipo na kimya changu, pasome.

Umeuliza kama naliweza. Jana nimefanya mazoezi. Nilipika maharage ya supu na mkate wa mahindi, nikamwita Brandalyn awe shahidi, nikaficha vijiko vyote ndani ya buti. Nikala. Ndevu zilikula, shati likala, mbwa akala kuliko sote. Brandalyn alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, kisha naye akatia mkono. Akaniambia, "Babu, mama akituona hivi ataturudisha Kentucky kwa miguu." Lakini mama yake keshabadilisha gauni. Amenunua la kahawia.

Sikukatii nyama. Pale hakuna kisu, hata nikitaka. Nitaketi kulia kwako, upande wa huo mkono unaocheza. Ukimwaga, utanimwagia mimi, na mimi nitamwagia upande wako, na yule mwenye jicho moja atuondoe wote wawili kwa pamoja. Tukiondolewa tutakwenda maegesho. Nawajua watu wa soseji pale.

Jambo moja tu nakusumbulia. Machi uliniambia nikikudai barua ya mkono utanilipa miwani ikirudi. Sasa miwani hiyo haikwenda popote, kwa hiyo deni limeiva. Sitaki barua nzima. Mruhusu Rejina apumzike, kaa asubuhi dawa ikiwa imeshika, uniandikie neno moja tu kwa mkono wako mwenyewe, jibu la lile swali la Brandalyn la kila Jumapili, unajua ni lipi. Hata lipinde kama njia ya kupandia makaburini. Njia ile tumeipanda sote, na hakuna aliyewahi kupotea.

Nalisubiri kwenye sanduku la posta, kabla yule mama hajanichumbia.

Kaka yako,
Verlin